Kaunti Kama Kipimo cha Hasara: Malipo ya Maafa kwa Wakulima wa Cimarron, Oklahoma

Malipo ya maafa ya kilimo ni fedha ambazo serikali humpa mkulima au mfugaji baada ya ukame, mafuriko, dhoruba au janga jingine la asili kumharibia mazao, malisho au mifugo, bila kumtaka azirejeshe. Kwa sababu hiyo hayafanani na mkopo wa dharura, ambao hubaki kuwa deni hata riba yake inapokuwa ndogo, wala na bima ya mazao, ambayo mkulima hujiunga nayo kabla ya janga na kuilipia ada. Nchini Marekani njia hizi tatu zimekuwa zikipokezana kwa takriban miaka mia moja, na serikali imewahi zaidi ya mara moja kutangaza kwamba mojawapo itazifanya nyingine zisihitajike tena. Mjadala juu ya malipo hayo umekuwa zaidi wa kuyasifu kwa ukarimu au kuyalaumu kwa ubadhirifu. Makala haya yanaifuata historia yake kwa upande wa vipimo, yaani namna serikali ilivyoamua kwamba hasara imetokea, imetokea wapi na imempata nani, kwa kuwa katika kila kipindi kipimo kilichochaguliwa ndicho kilichoamua nani alipwe na nani aachwe.

Kaunti ya Cimarron, iliyoko kwenye ncha ya magharibi ya jimbo la Oklahoma, ni mfano unaofaa. Kaunti ni kitengo cha utawala kilicho chini ya jimbo, chenye makao yake makuu, mahakama yake na maofisa wake wa kuchaguliwa. Cimarron iliundwa mwaka 1907, Oklahoma ilipopata hadhi ya jimbo. Ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,750, na inapakana na majimbo manne, yaani Kansas, Colorado, New Mexico na Texas. Makao makuu yake, Boise City, yalianza kwa udanganyifu, kwani mwaka 1908 kampuni moja iliwauzia watu wa mbali viwanja kwa vipeperushi vilivyosifu mji wenye miti na barabara nzuri, ilhali palikuwa uwanda mtupu, na wahusika wakaishia gerezani. Hata hivyo walowezi waliendelea kuja, wakivutwa na bei kubwa ya ngano wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye na matrekta na mvua za kutosha za miaka ya 1920, wakaigeuza mbuga ya nyasi fupi kuwa mashamba. Sensa ya mwaka 1930 ilihesabu wakazi 5,408. Muda mfupi baadaye bei ya ngano iliporomoka, mvua zikakatika, na udongo ambao nyasi hazikuushika tena ukaanza kupeperushwa na upepo.

Wakati huo desturi ya serikali kuu kumlipa mkulima aliyepatwa na ukame haikuwapo. Msimamo wa zamani ulikuwa umewekwa wazi na Rais Grover Cleveland mwezi Februari 1887, alipokataa kutia saini muswada uliotenga dola 10,000 za kununulia mbegu kwa wakulima wa kaunti za Texas zilizokumbwa na ukame, akieleza kwamba katiba haikuipa serikali mamlaka ya kutumia hazina ya umma kumsaidia mtu mmoja mmoja katika shida yake. Msimamo huo ulilegea kuanzia mwaka 1918, mikopo ya mbegu ilipoanza kutolewa kwa sababu za vita, lakini mpaka kati ya mkopo na sadaka uliendelea kulindwa kwa ukali. Ukame wa mwaka 1930 ulipozikausha kaunti za Arkansas na majirani zake, Bunge liliidhinisha mwezi Desemba dola milioni 45 za mikopo ya mbegu, mbolea na chakula cha mifugo, baada ya mabishano makali kuhusu kama fedha hizo zingeweza pia kununua chakula cha watu. Serikali ya Rais Herbert Hoover ilipinga wazo hilo na kusema kwamba kuwalisha wenye njaa ni kazi ya Msalaba Mwekundu. Msimamo huo ulimaanisha kwamba mkulima aliweza kukopeshwa fedha za kumlisha nyumbu wake, ilhali watoto wake walipaswa kungoja hisani. Mwezi Januari 1931 mamia ya wakulima waliingia katika mji mdogo wa England, Arkansas, wakidai chakula, na mwezi uliofuata Bunge likaongeza dola milioni 20 kwa maneno yaliyokuwa mapana kidogo.

Malipo yasiyorejeshwa yaliingia Cimarron kupitia mlango ambao haukuwa wa maafa. Sheria ya Marekebisho ya Kilimo ya mwaka 1933, iliyopitishwa mwanzoni mwa utawala wa Rais Franklin Roosevelt, ilikusudia kupandisha bei ya ngano kwa kupunguza uzalishaji, hivyo ikamlipa mkulima aliyetia saini mkataba wa kupunguza eneo lake la kupanda kwa asilimia 15 katika msimu wa 1934. Kiasi cha malipo kilikokotolewa kutokana na wastani wa mavuno ya miaka iliyopita, si mavuno ya mwaka uliopo. Katika maeneo yenye mvua utaratibu huo ulikuwa chombo cha kudhibiti soko. Katika uwanda uliokuwa ukikauka uligeuka kuwa fidia, kwa kuwa aliyepanda asivune kitu aliendelea kupokea hundi iliyotokana na mavuno mema ya zamani. Kipimo cha kwanza, basi, kilikuwa karatasi, yaani kumbukumbu za shamba, na kiliwafaa wenye kumbukumbu. Kiliwafaa pia wale walioitwa wakulima wa begi, watu walioishi mijini na kuja mara mbili kwa mwaka, kupanda na kuvuna, na ambao mkataba haukuwatofautisha na jirani aliyekaa na familia yake kwenye vumbi mwaka mzima. Mgeni aliyefika baada ya miaka ya neema alikuwa na wastani mdogo wa kuonyesha, na kwa hiyo haki ndogo.

Kipimo cha pili kilikuwa mnyama mwenyewe. Mwezi Juni 1934, ukame ulipokuwa umeenea katika sehemu kubwa ya nchi, Bunge lilitenga dola milioni 525 kwa ajili ya msaada wa ukame, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kununua ng'ombe katika kaunti zilizotangazwa kuwa za dharura. Bei ilipangwa kwa umri: ng'ombe wa miaka miwili na zaidi alinunuliwa kwa dola 12 hadi 20, wa kati ya mwaka mmoja na miwili kwa dola 10 hadi 15, na ndama kwa dola 4 hadi 8. Ubunifu wa mpango huo ulikuwa katika kuigawa bei mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa bei ya mnyama, ambayo benki au mkopeshaji mwingine aliyemshika ng'ombe huyo rehani aliweza kuidai. Fungu la pili, ambalo kwa ng'ombe mzima lilikuwa dola 6, lilikuwa la mfugaji peke yake na halikuguswa na deni. Bila mgawanyo huo fedha zingepita mikononi mwa mfugaji na kuishia benki, kwa kuwa mifugo mingi ya uwandani ilikuwa imewekwa rehani tangu kabla ya ukame. Kwa jumla serikali ilinunua ng'ombe wapatao milioni 8.3 kwa gharama ya takriban dola milioni 111. Waliokuwa na nyama ya kufaa walisafirishwa kwa treni na nyama yao kutiwa makopo kwa ajili ya familia zisizo na kazi, na waliodhoofika mno walipigwa risasi na kuzikwa papo hapo. Uthamini ulifanywa ana kwa ana, mkaguzi akimtazama kila mnyama, na kwa hiyo malipo hayo yalikuwa karibu na hasara halisi kuliko karibu yote yaliyokuja baadaye.

Dhoruba ya tarehe 14 Aprili 1935, iliyoifunika Boise City kwa giza la vumbi siku ya Jumapili, iliipa nchi jina jipya la ukanda huo, Bakuli la Vumbi, lililotokana na taarifa ya mwandishi wa habari Robert Geiger, na mwaka uliofuata mpigapicha wa serikali Arthur Rothstein alipiga katika Cimarron picha ya mkulima na wanawe wakikimbilia kibanda dhidi ya upepo, ambayo imekuwa alama ya kipindi kizima. Serikali ilianza kulipia pia kazi ya kuzuia maafa yasiongezeke, hasa kulima mifereji mirefu yenye matuta ili upepo upunguzwe kasi na udongo ushikwe. Mahakama Kuu ilipoibatilisha mikataba ya mwaka 1933 kwa hukumu ya Januari 1936, Bunge lilipitisha mwezi uliofuata sheria iliyobadilisha sababu rasmi ya malipo: mkulima hakulipwa tena kwa kupunguza ngano bali kwa kuhifadhi udongo, ingawa hundi ilifika kwa njia ileile. Serikali ilinunua pia mashamba yaliyoharibika kabisa na kuyarudisha kuwa nyasi, na baadhi yake leo ni sehemu ya mbuga ya nyasi ya taifa ya Rita Blanca. Pamoja na juhudi zote hizo, sensa ya mwaka 1940 iliwakuta watu 3,654 tu katika Cimarron, karibu theluthi moja pungufu ya idadi ya miaka kumi nyuma.

Viongozi wa Wizara ya Kilimo walitoka katika muongo huo wakiamini kwamba malipo ya dharura ni ghali na hayatabiriki, na kwamba bima ingeyaondoa. Mwaka 1938 Bunge liliunda Shirika la Bima ya Mazao la Serikali Kuu, lililoanza na ngano ya msimu wa 1939, na ili kumkinga mkulima dhidi ya mabadiliko ya bei, ada na fidia zote mbili zilihesabiwa kwa vipimo vya ngano. Mpango huo ulipata hasara tangu mwanzo, kwa kuwa walioharakisha kujiunga walikuwa hasa wale waliojua kwamba mashamba yao yangeshindwa. Bunge liliusimamisha mwaka 1943, likaufufua mwaka uliofuata, kisha mwaka 1947 likaupunguza hadi kaunti chache za majaribio. Bima ambayo mkulima wa eneo salama haioni kuwa na maana, na ambayo mkulima wa eneo la hatari hawezi kulipia bei yake halisi, haikuweza kusimama bila ruzuku, na ruzuku hiyo ilichelewa kwa zaidi ya miaka 30.

Pengo hilo ndilo lililoifanya kaunti kuwa kipimo. Sheria ya mwaka 1949 ilimruhusu Waziri wa Kilimo kutoa mikopo ya maafa katika eneo ambalo yeye mwenyewe amelitangaza kuwa na janga, na mazoea yaliyojengeka ni kulitangaza eneo hilo kaunti kwa kaunti. Hatimaye kanuni ilikuwa kwamba zao moja angalau lipungue kwa asilimia 30 katika kaunti nzima. Ukame wa miaka ya 1950, ambao uwandani ulikuwa mkali kiasi cha kumleta Rais Dwight Eisenhower Amarillo, Texas, mwezi Julai 1953 na kumrudisha nyanda hizo Januari 1957, ulishughulikiwa kwa nafaka na nyasi kavu za bei nafuu zilizogawiwa wafugaji wa kaunti zilizotangazwa. Faida ya utaratibu huo ilikuwa wepesi, maana serikali haikulazimika kukagua kila shamba kabla ya kuufungua mlango. Hasara yake ni kwamba mstari uliochorwa na wapima ardhi kwa ajili ya mahakama na kodi ulipewa kazi ya kutenganisha walioumia na wasioumia, wakati mawingu hayakuwahi kuufuata.

Malipo yasiyorejeshwa yalipata sura ya kudumu kwa mara ya kwanza katika sheria ya kilimo ya mwaka 1973, iliyowaahidi wakulima wa ngano, nafaka za mifugo na pamba fidia ikiwa janga limewazuia kupanda au limewaachia mavuno yaliyo chini ya theluthi mbili ya kawaida yao. Fidia hiyo haikudai ada yoyote. Wakaguzi wa serikali na wachumi walionyesha upesi kwamba fedha zilikuwa zikirundikana katika maeneo yaleyale yenye mvua haba, zikimpa mkulima sababu ya kuendelea kulima ardhi ambayo busara ingeiacha kuwa malisho. Kwa uwanda uliokwisha kuona vumbi la 1935, lawama hiyo ilikuwa nzito. Sheria ya Bima ya Mazao ya mwaka 1980 ilikuja kuufuta utaratibu huo kwa kutoa ruzuku ya asilimia 30 ya ada kwa kiwango cha kawaida cha kinga, na kwa mara ya pili ikatangazwa kwamba zama za malipo ya dharura zimekwisha.

Hazikuisha. Ukame wa mwaka 1988 ulipoteketeza mahindi na soya katika majimbo ya katikati, wakulima wengi hawakuwa wamejiunga na bima, na Bunge, likiwa katika mwaka wa uchaguzi, lilipitisha sheria ya msaada ambayo Rais Ronald Reagan aliitia saini tarehe 11 Agosti. Yeyote aliyepoteza zaidi ya asilimia 35 ya mavuno yake aliweza kulipwa, awe na bima au asiwe nayo, na gharama ikapita dola bilioni 3. Aliyekuwa amelipa ada kwa uaminifu alijifunza kwamba jirani yake aliyeihifadhi fedha hiyo mfukoni hakuadhibiwa. Bunge lilijaribu kurekebisha jambo hilo mwaka 1994 kwa kuunda kinga ya msingi isiyo na ada kubwa na mpango maalumu wa mazao yasiyokuwa na bima, kisha mwaka 2000 likaongeza sana ruzuku ya ada. Lakini misaada ya dharura iliendelea kupitishwa mara kwa mara.

Kaunti haikuwa mstari tu, ilikuwa pia kamati. Tangu mwaka 1933 programu za kilimo zilisimamiwa na kamati za wakulima zilizochaguliwa na wakulima wenzao, ambazo leo huwa na wajumbe 3 hadi 11 chini ya Wakala wa Huduma za Mashamba wa Wizara ya Kilimo. Muundo huo ulisifiwa kuwa demokrasia ya mashambani, na katika kaunti yenye watu wachache wanaojuana ulikuwa na manufaa ya kweli, kwa sababu mjumbe alijua ni shamba lipi lililopigwa na mvua ya mawe na lipi halikupigwa. Lakini kamati iliyochaguliwa na wenye mashamba iliakisi mamlaka ya wenye mashamba. Mwaka 1965 Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilieleza jinsi wakulima weusi wa kusini walivyokuwa wakibaguliwa katika programu za wizara hiyo, na mwaka 1997 wakulima weusi walifungua kesi ya pamoja, ijulikanayo kama Pigford, wakidai kunyimwa au kucheleweshewa mikopo na malipo, yakiwemo ya maafa, kwa ajili ya rangi yao. Suluhu iliyoidhinishwa na mahakama mwezi Aprili 1999 iligharimu zaidi ya dola bilioni moja, na mwaka 2010 zikaongezwa dola bilioni 1.25 kwa walioachwa nje ya muda wa kwanza. Kesi hiyo ilidhihirisha kwamba mkulima angeweza kupatwa na ukame uleule uliompata jirani yake na bado hasara yake isiingie kwenye daftari.

Kosa la upande wa pili, la kuihesabu hasara isiyokuwapo, lilionekana wazi katika mpango wa kufidia mifugo wa miaka ya 2002 na 2003. Mpango ulianza kwa ajili ya wafugaji wa kaunti zilizotangazwa kuwa na ukame, ukawalipa kwa idadi ya wanyama bila kuwataka wathibitishe hasara. Kisha, mwaka 2003, Bunge liliufungua kwa kaunti iliyotangazwa kuwa na janga la aina yoyote. Mwezi Februari mwaka huo chombo cha anga Columbia kilisambaratika na mabaki yake kuanguka mashariki mwa Texas, ambako kaunti zilitangazwa kuwa za maafa kwa sababu hiyo, na baadaye gazeti la Washington Post lilifichua kwamba tangazo hilo liliwawezesha wafugaji wa huko kupokea fidia ya malisho.

Jibu la wabunge lilikuwa kutafuta kipimo kisichotegemea matangazo ya kisiasa. Sheria ya kilimo ya mwaka 2008 ilianzisha programu za mifugo na malisho, na ile ya malisho ikafungamanishwa na Ramani ya Ukame ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1999 hutolewa kila wiki na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nebraska huko Lincoln pamoja na taasisi za serikali kuu. Programu hizo zilifika mwisho wa muda wake Septemba 2011, wakati ukame mpya ukiikausha Oklahoma, na wafugaji wa uwandani wakapita miaka mikavu bila malipo hadi sheria ya Februari 2014 ilipozirudisha, kuzifanya za kudumu na kulipa madai ya nyuma. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ukame mkali uliodumu wiki nane mfululizo katika msimu wa malisho ulimpa mfugaji malipo ya mwezi mmoja, na ukame wa daraja la juu zaidi uliongeza miezi hiyo hadi mitano, kila malipo yakiwa asilimia 60 ya gharama iliyokadiriwa ya chakula cha wanyama na jumla isizidi dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka. Kipimo kilikuwa cha kisayansi kuliko vyote vilivyotangulia. Lakini kaunti ilibaki ndani yake, maana sheria inatosheka ikiwa sehemu yoyote ya kaunti imefikia daraja husika, na katika kaunti pana kama Cimarron mfugaji wa pembe moja huweza kufuzu kwa rangi nyekundu ambayo ramani imeipaka kwenye pembe nyingine kuonyesha ukame.

Wala malipo ya mara moja hayakukoma. Mwaka 2018 Bunge lilitenga takriban dola bilioni 2.36 kwa hasara za vimbunga na mioto ya mwaka 2017, mwaka 2021 likatenga dola bilioni 10 kwa hasara za 2020 na 2021, na mwezi Desemba 2024 likaongeza dola zipatazo bilioni 21 kwa maafa ya 2023 na 2024. Katika awamu ya kwanza ya fedha za 2021 wizara ilitumia kumbukumbu za bima kujaza fomu za waombaji mapema. Malipo yakaenda haraka kwa wenye kumbukumbu hizo, na hivyo bima iliyoundwa ili kuondoa msaada wa dharura ikawa ndiyo njia ya kuufikisha. Kwa namna hiyo karatasi ya mwaka 1933 ilikuwa imerudi ikiwa na kompyuta.

Vipimo vyote hivi, kumbukumbu za mavuno, kichwa cha ng'ombe, mpaka wa kaunti na ramani ya rangi, vinafanana katika jambo moja: vinahesabu ekari na mifugo. Kibarua anayekosa kazi ng'ombe wanapouzwa, mpangaji anayeondolewa shamba linaporudishwa kuwa nyasi, na mwenye duka anayepoteza wateja hawana nafasi katika fomu, na shamba linaponunua shamba jirani malipo humfuata mnunuzi. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 2,296 katika Cimarron, chini ya nusu ya wale wa mwaka 1930, katika kaunti ambayo serikali kuu imeisaidia kwa njia moja au nyingine kwa karibu karne nzima. Malipo ya maafa yalitimiza yale yaliyopimwa, kwa kuwa ngano na ng'ombe bado vipo. Kuwabakiza watu hakukuwahi kuwekewa kipimo, na kwa hiyo hakukuwahi kulipiwa.